Stata yako ina seli ngapi za hamira zilizo hai?

Wateja wetu wanaopika bia nyumbani wanatuuliza sana, nimetengeneza stata (kimiminika cha sukari ya kimea cha kuzidishia hamira kabla ya kuitia kwenye bia) ya lita 2, je hamira itatosha? Ukweli ni kwamba lita peke yake hazikwambii kitu, lazima ujue ulianza na seli ngapi na ngapi kati ya hizo bado ziko hai.

Kipimo kinachotumika sana kwa bia za eli (zinazochachuka kwenye joto la kawaida) ni seli milioni 0.75 kwa kila mililita ya woti (maji matamu ya kimea kabla hayajachachuka) kwa kila digrii ya Plato (kipimo cha wingi wa sukari kwenye woti), laga (zinazochachuka kwenye ubaridi) mara mbili yake. Kwa hiyo lita 20 za woti ya Plato 12 zinataka kama bilioni 180 kwa eli na bilioni 360 kwa laga. Sasa pakiti nyingi za hamira ya maji zinatoka na bilioni 100 hivi, na hiyo ni namba ya siku ilipofungwa, sio siku unayoifungua wewe! Watu wengi wanakata asilimia 20 kwa kila mwezi iliokaa kwenye friji, sio mbaya kwa kuanzia ila ni kubahatisha tu, maana kuna hamira zinavumilia na kuna zinazokufa haraka, na kama pakiti ilipigwa na joto njiani hesabu yote inavurugika. (Wa hamira kavu, nyie kwa kawaida hata stata hamhitaji.)

Kukadiria kwa macho kwa kuangalia tope lililotulia chini ya chupa ndo hatukushauri kabisa, humo kuna mabaki ya hopsi (maua machungu ya kutilia ladha bia) na protini na seli zilizokufa, vyote vinajaza nafasi na vinaonekana kama hamira.

Sisi tunahesabu kwa darubini. Tunatikisa sampuli ya tope, tunachukua mililita 1 tunaizimua hadi ifike 100, tunatia rangi ya methilini bluu kisha tunaiweka kwenye kioo cha kuhesabia chenye miraba 25. Seli iliokufa inageuka bluu, iliyo hai inabaki haina rangi. Tuseme miraba 5 imetoa seli 200, zidisha kwa 5 upate 1,000, zidisha kwa 10,000 (miraba yote 25 inabeba sehemu moja tu ya 10,000 ya mililita) unapata milioni 10 kwa mililita, rudisha ule uzimuaji mara 100 inakuwa bilioni 1. Kama 40 kati ya zile 200 zilikuwa bluu basi zilizo hai ni milioni 800 kwa mililita, na ile eli yako ya lita 20 itataka mililita 225 za tope hilo, wakati aliyepuuza seli zilizokufa angemimina 180 akaridhika.

Ukituletea sampuli tikisa chupa nzima kwanza ndo uchote, usichote maji ya juu, tumia kichupa kilichochemshwa, ukiweke kwenye ubaridi na uandike tarehe pamoja na ujazo wote wa tope ulilonalo, bila huo ujazo tutakupa seli kwa mililita tu na jumla utabaki unaitafuta mwenyewe.