Kwa vijana wa Amu (Lamu) mnaoingia mifumo ya kompyuta ya watu

Wanangu wa Mkomani, Langoni na Matondoni, assalaam alaykum.

Baba yangu alikuwa fundi wa kalafati Matondoni. Kabla ya jahazi kushushwa majini alipitisha kidole kila ungio la mbao, akishindilia pamba iliyorowa mafuta. Akiona chombo cha mwingine kinavuja, hakulala bila kumwambia mwenyewe. Mimi nimezeekea kwenye mitambo ya simu Mombasa, na hilo la baba sikulisahau.

Mwezi uliopita mmoja wenu alinifungulia kompyuta barazani. Nikaona majina ya watu wa kisiwa hiki, namba zao za simu na maradhi yao. Alikuwa ameingia mfumo wa zahanati moja ambayo nywila yake ni 1234, naye anacheka. Nilipoona jina la jirani yangu nikageuza uso.

Kwa sheria ya Kenya ya makosa ya mtandao ya 2018, kuingia bila idhini ni faini isiyozidi shilingi milioni 5, au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. Nywila mbovu si idhini. Lakini kinachoniuma zaidi ni yule mama aliyemweleza daktari siri yake, na siri ile sasa iko kwenye simu za vijana.

Akili zenu sina shaka nazo, na nataka mzitumie kama Andres Freund. Machi 2024 mhandisi huyo aliona kuingia kwenye seva kwa SSH, njia ya kuingia kompyuta iliyo mbali, kunachelewa kama nusu sekunde. Nusu sekunde tu! Wengi wangeipuuza. Yeye alichimba hadi akakuta mlango wa siri ndani ya xz, programu huria ya kubana mafaili, uliotiwa na mtu anayejiita Jia Tan, aliyejipatia imani ya wenzake kwa zaidi ya miaka miwili. Freund hakuutumia mlango ule wala hakuuuza. Aliutangaza, ukazibwa kabla haujaenea kwenye seva nyingi duniani. Aliweza kwa sababu msimbo wa xz, yaani maandishi yanayounda programu, uko wazi, yeyote anaweza kuukagua. Kwa hiyo siwaambii muache udadisi, na mtu mzima anayewakataza kufungua programu na kuichungulia anakosea.

Wakubwa pia wana kosa lao. Novemba 2024 Telegram, programu ya kutumiana ujumbe, ilifungwa humu nchini wakati wa mitihani ya KCSE ya kidato cha nne, ili karatasi zisisambae. Karatasi huvujishwa na mkono wa mtu aliyekabidhiwa. Kuwanyima mawasiliano wasiohusika hakumgusi mtu huyo. Vijana wengi walikimbilia VPN za bure, programu zinazokupitisha njia ya pembeni ili uvuke kizuizi. Hapo tahadharini: anayekuvusha bure naye anaona unakokwenda.

Ukikuta shimo, ishia hapo hapo. Usinakili hata jina moja. Andika ulichokiona, siku na saa, uniletee. Najua mnaogopa kuitwa wezi, na hofu hiyo ina haki yake, kwa hiyo tutakwenda pamoja kwa mwenye mfumo na mimi ndiye nitakayeanza kusema. Baada ya alasiri nipo barazani.

Wewe wa zahanati nakungoja kwanza. Yale majina yafute kabla hujaja.