Probu za x10: zirekebisheni kabla ya kupima

Wakuu, habari za kazi. Kabla hujalaumu saketi, ikague probu ya oskiloskopu (kipimio kinachochora mawimbi ya umeme); x10 maana yake inapunguza mawimbi mara kumi. Weka swichi yake kwenye x10, ncha kwenye kituo cha majaribio cha oskiloskopu (mara nyingi wimbi mraba la 1 kHz), klipu ya graundi pembeni yake. Mgongo wa wimbi (sehemu yake bapa ya juu) ukianza chini na kupanda taratibu, fidia ya probu haitoshi. Ukianza na pembe iliyochomoza kisha kushuka, imezidi. Zungusha trima (kapasita ndogo ya kurekebisha iliyo kwenye probu) kidogo kidogo hadi mgongo unyooke. Tumia bisibisi ya plastiki, maana ya chuma inaongeza kapasitansi yake: ukiiondoa tu, wimbi linabadilika.

Trima haileti mabadiliko yoyote? Swichi huenda iko x1. Huko trima haifanyi kazi. Inabadilisha lakini haifiki? Soma kiwango cha pF (pikofaradi, kipimo cha kapasitansi) kilichoandikwa kwenye probu, mfano 10–35, ulinganishe na pF zilizoandikwa karibu na tundu la chaneli. Zisipoingia humo, probu hiyo si ya oskiloskopu hiyo, hata uzungushe mpaka kesho. Ingizo la oskiloskopu nalo liwekwe kwenye 1 MΩ, si 50 Ω.

Mitetemo myembamba ukingoni ni suala jingine: waya mrefu wa graundi. Tumia springi fupi.

Ukihamisha probu kwenda chaneli nyingine, rudia. Volti za DC zitasomeka sawa hata trima ikiwa mbovu, kwa hiyo zisiwape imani. Kosa linajificha kwenye masafa ya juu.