Nzi wa maembe huzaliana mashambani mwetu

Mhariri,

Tangu nzi wa matunda mwenye asili ya Asia agunduliwe nchini Kenya mwaka 2003, ushauri mwingi unaotufikia wakulima wa maembe ni wa kunyunyiza dawa, ilhali hali ya shamba lenyewe husahaulika. Jike hutaga mayai chini ya ganda la embe, na funza wakishakomaa ndani ya tunda hujifukia udongoni hadi wapate mbawa, mahali ambapo dawa ya majani haiwafikii. Msimu wa maembe ukiisha, mapera ya uani na matunda ya mng'ongo porini huwalisha wanaobaki.

Sipendekezi miti hiyo ikatwe. Siafu wa miti tunaowaita maji moto, ambao huwinda funza na kuwafukuza majike wasitage, huhitaji miti iliyoshikana matawi, nao ndio wanaokufa kwanza tunaponyunyiza ovyo.

Naomba maafisa wa kilimo wa kaunti wasisitize kuokotwa kwa matunda yaliyoanguka na kufungwa katika mifuko ya plastiki juani, kijiji kizima kwa pamoja, kwa kuwa nzi hawajui mipaka ya mashamba.

Mkulima wa maembe,
Makueni