Kisafisha hewa chako kimepimwa kwa vumbi au kwa gesi?

Namba ya CADR, yaani kiasi cha hewa safi inayotolewa kwa saa, iliyo kwenye boksi la kisafisha hewa mara nyingi ni ya moshi, vumbi na chavua. Kama shida yako ni harufu ya kabati jipya la MDF (mbao za unga wa mti uliogandishwa kwa gundi) au rangi iliyopakwa juzi, namba hiyo haikusaidii. Filta ya HEPA, ile ya nyuzi nyembamba, hunasa chembe, gesi hupita.

Muulize muuzaji ripoti ya formaldehaidi, gesi inayotoka kwenye gundi ya MDF. Kiwango cha China, GB/T 18801, hutumia chumba kilichozibwa cha mita za ujazo 30, nyuzi 25, unyevu wa asilimia 50 hivi. Gesi huingizwa mpaka ifike karibu miligramu 1 kwa mita ya ujazo, feni huichanganya, kisha hupimwa inavyopungua. Kipimo hufanywa mashine ikiwa imezimwa, na tena ikiwa imewashwa, kwa sababu kuta na nyufa nazo hupunguza gesi. Asiyeondoa sehemu hiyo kwenye hesabu anaipa mashine sifa isiyo yake. Tuseme gesi imeshuka kutoka 1.0 hadi 0.1 kwa nusu saa. Imepungua mara 10; logi asilia ya 10 ni 2.3, gawanya kwa saa 0.5, unapata 4.6. Toa 0.1 inayopunguzwa na chumba chenyewe, zidisha kwa 30: CADR ya formaldehaidi ni mita za ujazo 135 kwa saa.

Hiyo ni filta mpya, na wauzaji wengi huishia hapo. Uliza pia CCM, yaani jumla ya gesi inayomezwa kabla uwezo haujashuka hadi nusu. Katika toleo la 2015 la kiwango hicho cha China, daraja la chini, F1, lilianzia miligramu 300, na la juu, F4, miligramu 1,500. Sponji nyembamba iliyopakwa unga wa mkaa hung'ara saa ya kwanza tu, kwa hiyo ulizia mkaa una gramu ngapi.

Mkaa amilifu wa kawaida hushika vizuri tolueni ya thina. Formaldehaidi ni nyepesi mno, huhitaji mkaa uliotiwa kemikali au alumina yenye pamanganeti ya potasiamu. Kaboni monoksidi ya jiko la mkaa haishikwi na filta hizi: jiko litoke nje.

Dar es Salaam na Mombasa unyevu hupita asilimia 70 mara kwa mara, na maji hujaza vitundu vya mkaa, hivyo usitegemee umri wa maabara.

Vipimo vya bei nafuu vya formaldehaidi huruka hata kwa manukato na vitakasa mikono. Vile vya PID, vinavyotambua gesi kwa taa ya urujuanimno, vikiwa na taa ya eV 10.6 haviioni formaldehaidi kabisa. Cha kuaminika ni kuvuta hewa kwa pampu kupitia kikasha kidogo chenye DNPH, kemikali inayoinasa formaldehaidi, na kukipeleka maabara.

Filta ikianza kunuka, inarudisha gesi chumbani. Kuiosha au kuianika juani hakuifufui, ibadilishe.