Kurudisha mpira mweupe si suala la nguvu

Mhariri,

Kwenye meza za pool hapa Dodoma, vijana wengi wakitaka mpira mweupe, ule unaopigwa kwa fimbo, urudi nyuma baada ya kugonga mpira mwingine, huupiga kama wanapasua kuni, nao unasimama palepale. Tatizo ni kwamba fimbo imegonga karibu na katikati. Mkono wa mbele ulale kabisa juu ya kitambaa, fimbo iwe karibu sambamba na meza, ncha ishuke hadi nusu ya njia kati ya kitovu cha mpira na ukingo wa chini. Ukishuka zaidi, ncha inateleza. Ukiinua kitako cha fimbo, mpira unaruka.

Mkono wa nyuma ushike kwa ulegevu, fimbo ipenye sentimita 10 hivi mbele baada ya kugonga. Wengi huidokoa na kuivuta haraka, eti ndiyo inarudisha mpira!

Anza na mipira iliyoachana sentimita 30, iliyonyooka na shimo. Umbali ukizidi, kitambaa kinakula mzunguko wa kurudi nyuma ulioupa mpira mweupe kabla mipira haijagusana, na vumbi letu la kiangazi linaongeza msuguano. Wenye meza, pigeni brashi. Chaki nayo ipakwe kila pigo.

Mpenzi wa pool,
Majengo, Dodoma