Malalamiko: Kubadilishiwa spidomita bila kupima chanzo cha ubovu

Kwa Meneja wa Huduma,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Niliileta pikapu yangu kwenye karakana yenu ikiwa na shida moja. Mshale wa spidomita ulianza kucheza-cheza, kisha ukalala kwenye sifuri na haukuinuka tena. Kihesabu kilometa nacho kilisimama wakati huohuo. Yote mawili niliyaeleza mapokezi, na yapo kwenye fomu yenu ya kazi, yameandikwa na mtu wenu mwenyewe. Mlichofanya ni kung'oa spidomita nzima, kufunga nyingine iliyotumika, na kunikabidhi ankara. Nilipotoka getini mshale ulikuwa umelala vilevile.

Spea kukataa kufanya kazi si jambo geni, hasa kwa gari la umri huu, na kwa hilo nisingepoteza wino. Ninacholalamikia ni kwamba hamkupima kitu. Mlipiga ramli, na gharama ya ramli mkaniandikia mimi.

Spidomita ya gari hili ni ya kebo. Mwisho wa giaboksi kuna gia ndogo ya plastiki inayozungushwa na shafti. Gia hiyo huzungusha waya ulio ndani ya kebo, na waya huzungusha sumaku ndani ya spidomita. Sumaku hiyo haigusani na mshale. Inakivuta kikombe chepesi cha alumini kilichozuiwa na springi nyembamba, na kikombe ndicho kinachobeba mshale. Kihesabu kilometa hakina habari na sumaku: kinaendeshwa kwa gia kutoka kwenye waya uleule. Kwa hiyo mshale ukifa huku namba zikiendelea kuhesabu, ubovu umo ndani ya spidomita. Vikifa vyote kwa pamoja, unaanzia chini, kwenye gia na kebo, kabla hujagusa dashibodi. Naona aibu kuwaandikia haya ninyi mnaoishi kwa kazi hii, lakini dalili niliwapa mdomoni na mkaziandika, halafu hakuna aliyezisoma.

Sasa tazameni fomu yenyewe, nakala nimeambatisha. Kwenye mstari wa mwisho pameandikwa "gari limejaribiwa barabarani, lipo sawa", na chini yake kuna sahihi. Juu kidogo kuna namba mbili za kilometa: ile iliyosomwa baada ya kufunga spidomita yenu, na ile ya wakati wa kunikabidhi gari. Zinafanana hadi tarakimu ya mwisho, ile nyeupe inayohesabu mita mia. Ama gari halikwenda popote, ama lilikwenda, namba zikakataa kusogea, na aliyekuwa kwenye usukani akaona ni sawa tu kuweka sahihi. Chagueni ninyi jibu lenye nafuu.

Nilipopiga simu, mshauri wenu wa huduma aliniambia kwamba gari ni la zamani na sasa ni lazima giaboksi ishushwe. Yaani baada ya kubadilisha sehemu ya juu kabisa ya mfumo, pendekezo lililofuata lilikuwa kufumua ya chini kabisa, na katikati hakuna hata kifaa kimoja cha kupimia kilichotolewa kwenye sanduku. Nilikataa, nikaenda kwa fundi mwingine.

Yeye hakuanza na bisibisi. Aliweka kabari kwenye magurudumu ya mbele, akanyanyua tairi moja la nyuma kwa jeki na stendi, gia ikiwa nyutro. Moja tu, kwa sababu ukinyanyua yote mawili, jingine linaweza kuzunguka kinyume, huku propela, ile shafti ndefu itokayo giaboksi kwenda nyuma, isitikisike, ukajidanganya. Akachomoa kebo nyuma ya spidomita, akaniomba nizungushe tairi kwa mkono. Propela ilizunguka. Ncha ya waya, ile yenye pembe nne, haikusogea.

Kisha akaifungua kebo upande wa giaboksi, akairudisha juu kwenye spidomita, na ile ncha ya chini akaikaza kwenye drili aliyoiendesha polepole. Mshale ukainuka, namba zikaanza kuhesabu. Spidomita hii imeandikwa 637 usoni: kebo ikizunguka mara 637 kwa dakika, mshale unapaswa kusoma kilometa 60 kwa saa. Kwa drili huwezi kupata usahihi wa namna hiyo, ila ilitosha kuonyesha kwamba kebo haijakatika na spidomita inasoma. Ikabaki gia.

Gia hiyo hukaa kwenye kishikio kilichofungwa na bolti moja ubavuni mwa giaboksi. Hakuna cha kushusha. Ilipotoka, meno yake upande mmoja yalikuwa yamelika kiasi kwamba nilipitisha ukucha na sikuhisi hata tuta moja. Ukingoni yalibaki mabaki ya kutosha kuhesabu, na alisisitiza tuhesabu, kwa kuwa idadi ya meno hupangwa kulingana na uwiano wa difu (gia za ekseli ya nyuma) na ukubwa wa tairi. Ukifunga yenye idadi nyingine, spidomita inafanya kazi vizuri sana huku inasema uongo. Kebo aliichomoa waya wake, akaufuta na kuupaka grisi kidogo, isifike ncha ya juu ikaingia ndani ya spidomita. Waya ulikuwa mkavu kabisa, na kwa maoni yake ukavu huo ndio ulioilemea gia mpaka ikalika. Kazi yote ilimalizika kabla ya chakula cha mchana. Barabarani tulilinganisha na mwendo wa jipiesi ya simu, vikaendana.

Lipo jambo linaloniudhi kuliko mengine. Dashibodi yangu sasa inaonyesha kilometa za gari la mtu mwingine, tena chache kuliko zangu. Siku nikitaka kuiuza pikapu hii, mnunuzi atakayelinganisha na kumbukumbu za huduma ataniona tapeli aliyerudisha kilometa nyuma. Hakuna aliyeniuliza kabla ya kuifunga, na spidomita yangu ya asili sikurudishiwa. Kama ilikuwa mbovu au nzima sijui, maana hamkuipima.

Nataka kurudishiwa fedha zote za spidomita na za ufundi wa kuifunga, pamoja na spidomita yangu ya asili. Kama mmeshaitupa, nataka barua yenye muhuri wenu inayotaja tarehe ya kubadilisha, kilometa za ile ya zamani na kilometa za hii iliyofungwa. Pia nataka maelezo ya maandishi kutoka kwa aliyeweka sahihi ya majaribio ya barabarani. Nasubiri majibu ndani ya siku 14. Yakikosekana, nakala ya barua hii na fomu yenu vitakwenda kwa mamlaka inayoshughulikia haki za watumiaji.

Spidomita yenu nitaifungua na kuirudisha siku hiyohiyo nitakapokabidhiwa yangu, mkono kwa mkono.

Wenu,
Mteja mwenye fomu ya kazi iliyoambatishwa