Fomu ya shule isimfukuze kijana asiye na makazi

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nieleze jambo ambalo husahaulika kila mjadala kuhusu vijana wasio na makazi unapozuka. Karibu kila msemaji hukubali kwamba elimu ndiyo itakayowatoa mitaani, lakini ni wachache wanaojiuliza kijana huyo ataipataje, ilhali mlango wa shule hufunguliwa kwa karatasi ambazo mtu anayelala leo hapa kesho pale hana pa kuzitunza.

Nilifundisha kwa miaka mingi, na kwa muda nilikuwa miongoni mwa walioandikisha wanafunzi wapya. Siku moja alikuja kijana wa miaka kama 16, madaftari yake ameyafunga ndani ya mfuko wa plastiki yasilowe, akaanza kujaza fomu kwa mwandiko uliouzidi wangu. Alipofika kwenye anwani ya makazi kalamu ilisimama. Akairuka nafasi hiyo, akashuka hadi penye saini ya mzazi au mlezi, ikasimama tena. Aliniuliza kwa adabu kama angeweza kuondoka na fomu ili aimalizie baadaye. Nilimruhusu, kwa kuwa utaratibu haukuniachia jingine, au ndivyo nilivyojiambia. Hakurudi.

Dawa ya kadhia hii inajulikana. Marekani wanayo sheria ya mwaka 1987, maarufu kwa majina ya McKinney na Vento, ambayo pamoja na marekebisho yake ya baadaye huitaka shule impokee mara moja mwanafunzi asiye na makazi ya kudumu, hata kama hana kumbukumbu za shule alikotoka; karatasi hutafutwa yeye akiwa tayari darasani. Sheria hiyo humtambua pia kijana anayejibanza kwa jamaa au rafiki kwa sababu familia yake imepoteza nyumba, na huzitaka mamlaka za elimu ziwe na mtu maalumu wa kuwashughulikia wanafunzi wa namna hiyo. Sidai kwamba tatizo limekwisha huko, la hasha, ila angalau karatasi haitangulizwi mbele ya mtoto.

Hata hivyo, kiti cha darasani pekee hakitoshi. Anayelala nje husinzia kipindi cha kwanza, na mwalimu asiyejua humwita mvivu. Kazi ya nyumbani kwake ni jina tu, maana nyumba yenyewe haipo. Chumba cha kusomea kinachobaki wazi hadi jioni, kabati lenye kufuli na mahali pa kuoga vinaweza kumbakiza shuleni kuliko hotuba kumi za kumtia moyo. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 umeyaweka mambo haya bega kwa bega: ibara ya 27 inagusa makazi, ya 28 elimu. Ni sisi tuliozitenga ofisi zinazoshughulikia haki hizo mbili.

Linalonisumbua zaidi ni umri. Mkataba huo humhesabu mtoto kuwa aliye chini ya miaka 18, na vituo vingi vya malezi hufuata mpaka huo, hivyo kijana aliyechelewa kuanza shule kwa sababu ya kutangatanga anaweza kutakiwa kuondoka kituoni akiwa bado hajafanya mtihani wa mwisho. Msaada wa malazi ungefungamanishwa na kumaliza masomo au mafunzo ya ufundi, badala ya siku ya kuzaliwa.

Hayo ya malazi yanahitaji bajeti, na najua bajeti huchukua muda. Lakini wakuu wa shule wangeweza, muhula huu huu, kuongeza mstari mmoja chini ya nafasi ya anwani katika fomu zao: “Kama huna makazi ya kudumu, acha wazi, utapokewa.”

Mwalimu mstaafu